Lamu: kuhesabu wote au kuchukua sampuli?

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti nzima ya Lamu. Hiyo ni hesabu ya wote, ingawa karani naye huweza kuruka nyumba. Gharama yake kubwa, ndiyo maana hufanywa kila baada ya miaka 10.

Sampuli, yaani kuuliza sehemu tu ya watu badala ya wote, ni nafuu. Ukitaka kujua ni wangapi wanakunywa maji ya kisima, watu 400 waliochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kaunti nzima watakupa jibu linaloweza kupotoka kwa asilimia 5 hivi, juu au chini. Lakini iwe bahati nasibu kweli! Ukiwauliza wapita njia wa Amu, yaani Lamu mjini, tu, umewaacha wa Faza, Kiunga na Mpeketoni. Hata ukiongeza elfu wengine palepale, upendeleo huo wa mji mmoja haupungui.

Kwa swali la visima, mimi ningechukua sampuli. Kugawa fedha za umma, sensa.