Mfuko wa enema wa silikoni: nausifu kwa sababu ya koki yake

Mama yangu ni mtu mzima sana, na dawa za maumivu anazotumia, za jamii ya mofini, zimemfunga choo. Aliye na mgonjwa wa namna hii anaielewa hali yenyewe: utumbo unapunguza mwendo, maji yanazidi kunyonywa, choo kinabaki kikavu na mama anakaa chooni akikamua hadi jasho linamtoka. Nesi wake ameturuhusu kumpa enema, yaani kumwingizia maji kwa njia ya haja kubwa ili choo kitoke, pale tu dawa ya kunywa ya kulainisha choo inaposhindwa, na alinielekeza kwa mikono yake kabla ya kuniachia. Naandika kwa ajili ya anayetafuta kifaa cha kumhudumia mzazi nyumbani.

Ni mfuko wa lita 2 wenye alama za mililita, mpira mrefu, koki ya plastiki na ncha mbili. Kilichonifanya niupende ni hiyo koki. Naigeuza kwa kidole gumba, mkono wa pili ukiwa umeshika ncha isiteleze. Mama akisema, "Mwanangu, tumbo linakaza," nafunga palepale. Anavuta pumzi kwa mdomo, mkazo unapita, nafungua tena nusu tu. Maji yakienda taratibu anayavumilia, na akiyavumilia yanapata muda wa kulainisha. Kwa vichupa vya enema vya kubinya, vinavyouzwa vikiwa na dawa tayari, sikuweza kuongoza kasi hivyo.

Tena vichupa vyenyewe vingi vina fosfeti, aina ya chumvi. Ni vyepesi kutumia na hufanya kazi ndani ya dakika chache, hilo silikatai. Lakini figo za mama si nzima, na fosfeti ikinyonywa mwilini inaweza kuvuruga madini ya damu vibaya sana. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba dawa hizi za sodiamu fosfeti zisizidi dozi moja kwa saa 24, na kwamba wenye umri wa zaidi ya miaka 55 na wenye maradhi ya figo wamuulize kwanza daktari. Sisi tuliambiwa tuachane nazo.

Tunatumia maji ya chumvi, gramu 9 kwa lita, kwa kipimo tulichopewa. Maji matupu mengi hunyonywa na kushusha chumvi ya mwili. Sabuni huwasha utumbo. Joto liwe la mwili, nyuzijoto 37 hivi. Natumia kipimajoto, mkono siuamini, maana maji ya moto huunguza na ya baridi hukaza tumbo. Mama analala ubavu wa kushoto, goti la kulia limekunjwa, kwa kuwa sehemu ya mwisho ya utumbo mpana iko upande huo. Namfunika shuka, nafunua panapohitajika tu. Sitara ya mzazi ni sehemu ya huduma, na mama akijiona amesitiriwa mwili wake unalegea wenyewe. Kabla ya lolote naachia maji kidogo yatoe hewa mpirani. Ncha yenye jeli inaingia polepole kuelekea kitovuni, sentimita 7 hadi 10, ikigoma, hailazimishwi. Mfuko unaning'inia sentimita 30 hadi 45 juu ya nyonga, si zaidi. Kiti cha choo cha kubebeka kinakuwa tayari kando ya kitanda.

Sasa kasoro. Ncha moja ilikuja na ukingo mkali pale plastiki ilipounganishwa. Niliusikia nilipopitisha kidole, nikaitupa. Kwenye ngozi laini vile, au penye bawasiri, ingechana. Na karatasi ya maelekezo imeniudhi kweli. Inamwambia mtu aujaze mfuko hadi juu, wakati mama hupewa nusu lita, tena haiishi yote. Halafu inasifia enema ya kahawa ya "kutoa sumu". Hiyo imeshaunguza utumbo wa watu, na sumu za mwili zina ini na figo za kuzishughulikia. Maelekezo chukueni kwa nesi.

Usafi hauna shida: mdomo wa mfuko ni mpana, mkono unaingia, na kwa kuwa unaona ndani unajua kama umekauka. Ncha ni ya mtu mmoja, haiazimwi.

Ila tumbo likiuma bila sababu inayojulikana, au kukiwa na kutapika, homa, damu, au upasuaji wa utumbo wa karibuni, mfuko huu ubaki kabatini na mgonjwa apelekwe hospitali. Na msiutumie kwa mtoto. Ncha zake ni za mtu mzima, na kipimo cha mtoto anakitoa daktari.