Fanicha za Keko: kitanda agiza, makochi kagua mifupa, kabati ngoja kwanza

Mgeni anayehamia Dar es Salaam akiwauliza wenyeji pa kununua vitu vya ndani, jina la kwanza litakalotajwa ni Keko. Wako sahihi, ila wanasahau kumwambia kwamba Keko si duka. Kando ya Barabara ya Chang'ombe kuna safu ya vibanda vya maonyesho, na nyuma yake karakana. Anayekuuzia mara nyingi siye aliyetengeneza: seremala anaunga, mwingine anapiga msasa, mwingine vanishi, mshonaji anavalisha makochi. Vibanda viwili vilivyopakana vinaweza kukuuzia kitanda cha kurithisha wajukuu na kitanda cha kulia usiku kucha kabla mwaka haujaisha, na vyote vinang'aa vilevile.

Kwa hiyo usinunue kilichokwisha kupakwa kama unaweza kusubiri. Agiza, kisha nenda kakione kikiwa kitupu, kabla ya vanishi na kabla ya kitambaa. Fundi mzuri hatakunyima. Anayekwambia "bosi, njoo kikiwa tayari" ana jambo asilotaka ulione.

Kitanda ndicho kitu bora kinachotoka Keko, na bei yake dhidi ya kile cha dukani cha mbao za kubandikwa haina mjadala. Vipimo ndivyo vinavyowaponza wengi. Magodoro ya sponji ya viwanda vya hapa hupimwa kwa futi: 4 kwa 6, 5 kwa 6, 6 kwa 6. Hiyo 6 kwa 6 ni kama sentimita 183 kwa 183. Godoro la springi lililotoka nje mara nyingi ni 180 kwa 200, na kwenye kitanda hicho litachomoza sentimita 17 miguuni. Nunua godoro kwanza, lipime, ndipo uagize kitanda. Mwambie fundi hicho ni kipimo cha ndani, kisha aongeze nusu inchi kila upande ili shuka lipate pa kuingia.

Halafu hesabu chaga. Kitanda cha maonyesho huwa na 7. Chaga ya upana wa inchi 3 mara 7 ni inchi 21. Urefu ni inchi 72, hivyo zinabaki inchi 51 za uwazi, na kila pengo ni zaidi ya inchi 6. Sponji inazama humo, na baada ya muda godoro linafanya mabonde ambayo watu humlaumu mwenye kiwanda. Taka chaga 12. Pengo litashuka hadi inchi 3 hivi. Kwa 5 kwa 6 na 6 kwa 6, dai pia mhimili wa katikati, mbao ya inchi mbili kwa tatu, wenye mguu wake unaogusa sakafu. Bila huo, chaga ndefu hukatika katikati, tena kwa kawaida siku wageni wamelala. Mbavu, zile mbao ndefu za pembeni, zifungwe kwa bolti na nati, zisipigwe misumari: mpangaji huhama, na kitanda cha misumari kikifunguliwa mara mbili hakikazi tena.

Kuhusu mbao, kila mtu atakwambia "hii mninga tupu." Pindua droo au lala chini uangalie uvungu, mahali brashi haikufika. Paini, ile ya msitu wa kupandwa wa Sao Hill, Iringa, na kwingineko, ni nyeupe-njano na ina macho ya vifundo. Ikipakwa rangi ya mninga inadanganya kwa mbele tu. Kwaruza kwa ufunguo sehemu isiyoonekana: chini ya rangi ikitoka nyeupe, ama ni paini ama ni ganda la nje la mninga. Hilo ganda ndilo wasilolijua wengi. Mninga halisi una kiini cha kahawia na ubavu mweupe, na ubavu huo ndio chakula cha dumuzi. Ukiona vumbi kama unga wa sembe chini ya kitanda kipya, tayari wameshahamia. Mtiki na mkongo ni sawa pia, ila mkongo ni mzito, na kitanda chake ghorofa ya nne bila lifti ni adhabu kwa wabebaji. Paini si dhambi, mradi umeuziwa kwa jina lake na kwa bei yake. Kitanda cha mtoto cha paini kavu kinatosha kabisa.

Ukavu una uzito kuliko jina la mti. Mbao mbichi ukiiwekea kiganja huwa ya baridi, na ncha zake zinaanza kupasuka. Ikipelekwa chumba chenye kiyoyozi, inasinyaa na ulimi wa kuungia unalegea ndani ya tundu lake. Shika nguzo ya kitanda kitupu, itikise kwa nguvu. Kikilia sasa hivi, vanishi haitakinyamazisha.

Msimu nao uangalie. Masika, Machi hadi Mei, vanishi ya kupuliza huota utandu mweupe kama ukungu. Sababu ni thinner, kimiminika cha kuzimulia vanishi: inakauka haraka, inapoza uso wa mbao, na unyevu wa hewani unatua hapohapo na kunaswa. Mwombe fundi apulize mchana jua likiwa limetoka, si jioni kwa sababu umemharakisha. Utandu ukishatokea, mara nyingi kupuliza upya kwa thinner siku kavu huuondoa. Kama hauondoki, ni msasa na kuanza upya.

Makochi yanahitaji ukali zaidi, kwa kuwa kitambaa kinaficha kila kitu. Chini ya veleveti nzuri unaweza kukuta mabaki ya paleti na sponji ya chengachenga. Sema mapema kwamba utakuja kuona fremu: mbao ya mbele ya kukalia iwe mbili kwa tatu au zaidi, kona ziwe na vipande vya pembetatu vilivyogundishwa na kupigwa skrubu, mikanda ya mpira ipishane kama mkeka. Kwa kochi lililokwisha kuvalishwa, kipimo ni kimoja. Kwenye kochi la watu watatu, inua mguu mmoja wa mbele kiasi cha shubiri. Mguu mwingine wa mbele usiponyanyuka nao, fremu inajipinda. Sponji ya kukalia iwe ya inchi 5 au 6, ile nzito; bonyeza kwa ngumi mpaka uhesabu kumi, uachie, irudi bila kusitasita. Ngozi ya bandia iache kabisa. Joto na unyevu wa Pwani huibambua maganda, hasa kochi likiwa karibu na dirisha, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Kabati la nguo ndipo Keko inaponikatisha tamaa. Mengi huungwa moja kwa moja, hayafunguki, na mgongo wake ni plaiwudi nyembamba inayovimba ukutani kwenye unyevu. Mlango wa chumba cha kupanga huacha nafasi ya kama sentimita 80. Kama unapanga, taka la kufunguka kwa bolti, mgongo uwe na nafasi ya vidole viwili kutoka ukutani, na bawaba zisizoshika kutu. Fundi akikataa, nunua reli ya kutundikia nguo uendelee na maisha. Viti vya ofisini vya magurudumu havitengenezwi huko, wanavileta tu. Kariakoo utapata chaguo zaidi.

Malipo: advansi nusu, isizidi hapo, robo ukishaona kikiwa kitupu, iliyobaki siku ya kupakia. Kwenye karatasi iandikwe aina ya mbao, vipimo vya ndani, idadi ya chaga, unene wa sponji, mita za kitambaa na tarehe. Tarehe itapita, hilo lijue, maana mashine ya kuranda wanachangia na umeme una mambo yake. Ukiahidiwa wiki 2, usiwaambie wageni waje kabla ya wiki 4.

Kirikuu kimoja, kigari kidogo cha mizigo, kinabeba kitanda na makochi ya watu watano kama miguu inafunguliwa. Elewana bei ukitaja ghorofa na kona za ngazi kabla hakijawashwa, na ubebe blanketi kuukuu la kukinga kona, kwa sababu kamba ya katani inakata vanishi mbichi hadi kwenye mbao.