Fundi baiskeli wa Barabara ya 14, Ngamiani: ameirudisha njiani Phoenix ya marehemu Baba

Naandika kwa mwenye baiskeli ya zamani iliyolala uani na hajui ampelekee nani. Yuko fundi hapa Tanga, Ngamiani, Barabara ya 14, anafanyia kazi kibarazani chini ya mti wa mkungu. Hana bango. Utamjua kwa rimu zilizotundikwa ukutani na beseni la maji la kutafutia pancha.

Niliyompelekea ni Phoenix nyeusi, inchi 28, ya marehemu baba yangu. Baba alikuwa askari polisi. Alitoka Chuo cha Polisi Moshi akiwa konstebo, akazungushwa Lushoto, Handeni na Pangani, akamalizia utumishi hapa mjini akiwa sajenti meja. Baiskeli aliinunua 1988, mwaka ule Coastal Union walipochukua ubingwa. Alikuwa akitusimulia kwamba zamu za uwanja wa mpira wa Mkwakwani msimu ule ndizo zilizomtesa kuliko zote, maana askari anaupa uwanja mgongo na kuwatazama watu. Magoli ya timu yake aliyajua kwa kelele tu.

Alifariki Rajabu iliyopita. Tulipomaliza arobaini, Mama akasema baiskeli isiuzwe, apewe mjukuu aendee madrasa. Lakini ilikuwa imekaa uani miaka mitatu, tangu magoti ya Baba yalipokataa, na hewa ya Tanga mnaijua, chumvi ya bahari haina huruma na chuma. Mnyororo ulikuwa umeganda, matairi yamepasuka ubavuni, spoki sita hazipo, breki ya mbele inaning'inia.

Kabla ya hapo niliipeleka kwa fundi mwingine, simtaji. Alitaka rimu zote zitupwe na breki zibadilishwe ziwe za waya. Nikamlipa 5,000 ya kuitazama tu, na iliporudi nyumbani keria ilikuwa imepungua nati mbili.

Huyu wa Barabara ya 14 kwanza aliipindua juu chini, akalizungusha gurudumu la nyuma huku ameweka kidole karibu na rimu, akasikiliza. Kisha akaniuliza, "Dada, hii si ya Afande?" Kumbe Baba alikuwa akimpitia pale kila alfajiri akienda msikitini, enzi fundi mwenyewe bado kijana anajifunza kazi.

Ndiye aliyenieleza kwa nini rimu zisitupwe. Breki za fimbo hazibani rimu ubavuni kama za baiskeli za siku hizi. Zinavutwa juu na kubana upande wa ndani, ule unaotazama katikati ya gurudumu. Ukiweka rimu ya kisasa, mpira wa breki hauna pa kushika. "Mtoto atakamata breki, na baiskeli itaendelea na safari," akasema. Basi akazinyoosha zilezile. Gurudumu la nyuma lina spoki 40, la mbele 32, na kila moja aliigonga kwa ukucha na kusikiliza. Iliyolegea inatoa mlio mzito, iliyokaza inalia kama uzi wa udi. Nilikaa pale karibu saa nzima nikimtazama, sikuchoka.

Sasa nieleze jambo lililonifanya niandike.

Nilimwagiza akwangue kutu yote, apige rangi nyeusi mpya, ing'ae. Siku ya pili akanipigia simu: njoo kabla sijaendelea. Nikamkuta ameilaza baiskeli ubavu, msasa mkononi. Chini kabisa, pale ekseli ya pedali inapopita, kutu ilikuwa imetoka na tarakimu zimetokeza. Zimegongwa kwa mkono, nadhani kwa msumari na nyundo, na ya mwisho imepinda kidogo. Ilikuwa namba ya kazi ya Baba.

Namba ile naijua kwa ghibu tangu utoto. Ilikuwa kwenye sanduku lake la chuma, kwenye ndoo, kwenye mpini wa jembe, mpaka kwenye mkanda. Baba alitia alama kila kitu chake, akisema mali isiyo na alama ikiibiwa polisi wenzake watamrudishia vipi? Lakini kwamba na huku chini ipo, hakuna mtu nyumbani aliyejua. Fundi akasema, "Nikipiga rangi hapa itajaa. Mali yenu, semeni wenyewe." Nikaweka kidole juu ya tarakimu moja moja. Machozi yalinitoka, na yeye akainuka akaenda kununua sigara aniache peke yangu, Mungu amlipe.

Tulikubaliana aizungushie rangi, pale penye namba apake vanishi tu isishike kutu tena. Ndivyo alivyofanya. Vilevile hakukibadilisha kiti cha ngozi, alikifuta na kukitia mafuta, na kile kipande cha kikoi kilichozungushwa kwenye bomba la juu alikifungua kwa uangalifu, akanipa nikafue, akakirudisha. Bomba lile ndipo tulipokaa sisi watoto watano, kwa zamu. Keria ilikuwa ya Mama, amekaa upande na buibui lake amelikusanya mapajani lisije likaingia kwenye spoki, akipelekwa kliniki Bombo kwa mimba zake zote.

Baba akitoka zamu ya usiku alikuwa akiinua baiskeli mlangoni ili isituamshe kwa mlio wa friwili. Anatawadha, halafu anapita chandarua kimoja baada ya kingine akituhesabu kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa wa nne, nilijifanya nimelala ili nisikie "nne". Alipostaafu wakamkabidhi funguo za msikiti wa mtaani kwetu, na mtu aliyeshika funguo za mahabusu miaka yote ile akawa wa kwanza kufika alfajiri, jua au mvua, taa ya dinamo ikimtangulia.

Bei: matairi mawili 26,000, tyubu mbili 9,000, spoki, mnyororo na gololi 17,000, ufundi pamoja na rangi 25,000. Jumla 77,000. Mnyororo wa zamani na gololi zilizokwisha alinirudishia kwenye mfuko bila kuombwa, nione kwamba kweli amebadilisha. Nilikuwa na hofu ya kupigwa bei kwa kuwa ni mwanamke na vipuri sivijui. Haikutokea.

Kasoro zipo, nazisema. Aliniahidi Alhamisi, nikaipata Jumapili. Rangi ya digadi la nyuma ina mchirizi upande wa kushoto, ukiinama unauona. Simu akiwa kazini hapokei, bora uende mwenyewe, na Ijumaa usiende baada ya saa tano asubuhi maana anafunga mapema kwa ajili ya sala.

Ila ukimpelekea kitu cha mzee wako, kipeleke bila wasiwasi. Mwambie tu kilikuwa cha nani.

Mwanangu sasa anaiendesha, ingawa kiti tumekishusha mpaka mwisho na miguu bado inafika kwa vidole. Kilichobaki ni taa. Dinamo inazunguka vizuri, balbu ndiyo imeungua, na hizi za volti 6 maduka ya Ngamiani niliyopita hayana. Fundi ameahidi kuitafuta, akiipata atapiga simu. Mpaka hapo mtoto anatembea kwa miguu kwenda darasa la baada ya magharibi. Babu yake hakumruhusu mtu wa nyumbani mwake kupanda baiskeli gizani bila taa, na mimi sitaanza.