TAHADHARI: "Dawa" ya kufuta alama za sufuria kwenye meza

Jamani, kuna kijana anauza mtandaoni chupa ya "dawa ya kuondoa alama za moto" kwenye meza za mbao. Nusu lita, elfu 25, bodaboda anakuletea hadi mlangoni. Msinunue. Mimi nimeshaliwa hela, na meza juu.

Meza yangu ni ya mninga, niliitengenezesha Keko, Dar es Salaam. Sikukuu ya Idi mgeni akatua sufuria ya pilau juu yake bila kitambaa. Kesho yake duara jeupe, kubwa kama sahani. Nikakuta video ya huyo kijana: anapaka, anafuta, alama haipo. Nikatuma hela.

Nilipopaka, kweli ikapotea, nikampigia mpaka mama kumsimulia. Siku ya pili imerudi. Kijana akasema, "Dada, ongeza, iache ilale nayo." Asubuhi vanishi imelainika inanata, gazeti nililofunikia limeganda juu yake na maandishi yanasomeka kwenye meza. Hapo ndipo akaleta habari ya "fundi wetu": laki na 80, nusu itangulie. Nikatuma hiyo nusu (ndiyo, nichekeni). Tangu hapo simu haipatikani.

Fundi wa Keko aliyeitengeneza meza alifungua chupa, akanusa mara moja. "Thina na mafuta ya kula." Akanieleza kwamba ule weupe ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi kwa joto la sufuria, mbao yenyewe haijaguswa. Ukipaka mafuta yoyote, hata ya nazi, weupe unafichika kwa muda, ndiyo maana video inapendeza. Thina nayo inakula vanishi, na hapo ndipo mteja wa "fundi wetu" anapopatikana.

Kumbe dawa ninayo kabatini. Kipande cha kanga ya pamba, kikavu, kikunjwe mara mbili juu ya alama. Pasi moto wa chini kabisa, bila maji wala mvuke. Pitisha sekunde chache, inua, tazama, rudia. Usiiache pasi imetulia. Nimejaribu kwenye kistuli chenye alama ya kikombe cha chai, mara ya nne ikaondoka. Alama nyeusi ni mambo mengine, maji yameshafika kwenye mbao, hiyo mpelekee fundi.

Ukurasa wake umeshabadilisha jina mara mbili na sehemu ya maoni ameifunga. Video zake zote zinakatika pale pale anapomaliza kufuta. Mwombe picha ya meza ile ile siku ya tatu uone kama hajakufungia.

Meza yangu iko kwa fundi, vanishi yote inakwanguliwa kwa msasa ipigwe upya. Chupa ninayo bado, imebaki robo. Anayetaka kuinusa aje.