Mbolea ya funza kwenye nyanya: uzoefu wangu wa msimu mmoja

Nimelima nyanya robo eka huku Arumeru kwa miaka sita, na mitatu ya mwisho imeniumiza sana. Mche unashika vizuri, unatoa maua, halafu jua likiwaka unalegea kana kwamba haujamwagiliwa. Ukiung'oa, mizizi imejaa vinundu kama shanga. Ni minyoo fundo, vijinyoo vidogo vya udongo vinavyoshambulia mizizi. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai, na udongo ukishajaa mayai hayo, msimu unaofuata unaanza na hasara mkononi.

Jirani yangu anayefuga funza wa BSF (nzi aina ya "black soldier fly") kwa ajili ya kuku ndiye aliyenishauri nijaribu mbolea inayobaki baada ya kuvuna funza. Nilichukua magunia manne ya kilo 50. Kwa bei niliyouziwa, ni karibu mara tatu ya samadi ya ng'ombe.

Mbolea hii ni mchanganyiko wa kinyesi cha funza na maganda waliyovua. Kinyesi ni kizuri, lakini mimi nilifuata maganda. Ukichota kiganja unaona vipande vyembamba vya kahawia, vingine bado vina umbo la funza mzima, pingili kwa pingili. Visugue kwa vidole: vinakwaruza, havipondeki. Funza huyavua kila anapokua, na kinachoyapa uimara ni kitini, ile ile iliyomo kwenye mbawa za mende, kwenye gamba la kaa na la kamba, hata kwenye uyoga. Tena ni kwenye uyoga ndiko Mfaransa Henri Braconnot alikoitambua mwaka 1811. Muundo wake unakaribiana na selulosi, ile inayoipa miti uimara, ila kitini ina naitrojeni, kama asilimia 7, na mmea huipata polepole kadiri vijidudu vya udongo vinavyoimeng'enya.

Sasa, ganda la yai la minyoo fundo nalo lina kitini. Udongo ukishiba maganda ya wadudu, bakteria na kuvu wanaokula kitini huongezeka, na vimeng'enya vyao huyashambulia mayai hayo pia. Mmea wenyewe ukikutana na vipande vya kitini huona kama umevamiwa na kuvu, kwa kuwa nao wana kitini kama uyoga, ukaanza kujihami mapema. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, Nairobi, wameifanyia kazi mbolea hii, na nilipoelezwa hayo ndipo nilipokubali kutoa hela.

Niliweka viganja viwili kila shimo, nikachanganya na udongo, nikamwagilia, nikasubiri wiki tatu ndipo nikapandikiza. Tafadhali usiruke kusubiri. Tuta moja nilipandikiza siku ile ile kwa haraka, na kingo za majani zikaungua, kwa sababu kitini na kinyesi vikianza kuoza hutoa amonia.

Angalia pia unachouziwa. Gunia moja kutoka kwa muuzaji mwingine lilikuja bichi, lina joto ndani na harufu inayochoma pua; nililirudisha. Mwingine alikuwa ameichekecha mpaka ikawa unga mtupu. Inapendeza machoni, lakini maganda yote yametupwa, na hayo ndiyo unayolipia.

Matuta mawili sikuyawekea kitu, ili nilinganishe. Mwisho wa msimu niling'oa miche kumi kila upande, nikaiosha mizizi kwenye ndoo. Ile isiyowekewa, vinundu vilikuwa vimeungana mpaka mzizi mkuu ukafanana na tangawizi. Ile yenye mbolea, saba kati ya kumi ilikuwa na vinundu vichache, vidogo, na vimizizi vyeupe bado vinaning'inia. Niliendelea kuchuma kwenye matuta hayo wiki nne baada ya yale mengine kukauka. Kwa mkulima anayeuza kwa kreti, wiki nne ni ada ya mtoto.

Minyoo haijaisha. Ile miche mitatu iliyoumia ilikuwa kwenye kona niliyopanda nyanya mfululizo bila kubadilisha, na pale sasa nimeweka mahindi. Usitegemee gunia likufanyie kazi ya kubadilisha mazao.

Naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeiondoa kwa sababu ya bei. Nusu gunia lililobaki nimeliweka juu ya mbao, mahali pakavu, na mwezi ujao naanza nalo kitalu cha pilipili hoho.