Kikao cha wazazi wa wagonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili): nimehudhuria miezi sita

Kikao hufanyika Jumamosi ya pili ya kila mwezi, kwenye kliniki anayotibiwa mwanangu hapa Dar es Salaam. Ni bure.

Mwanangu ana miaka 27. Tangu augue nilimchagulia shati, nikamkatia nyama sahanini, nikalala kwenye mkeka mlangoni pake. Duka la vitenge nilimwachia mdogo wangu. Akinyamaza tu, nalia mbele yake. Hospitali tuliyoanzia waliniambia nisimwache hata dakika, nami nikashika neno hilo miaka mitatu.

Nesi anayeongoza kikao alianza kwa kutuambia kuwa ugonjwa huu hauletwi na mapenzi ya mama wala malezi yake, akarudia mara mbili. Nilihitaji kulisikia hilo kabla ya yaliyofuata. Akaeleza utafiti wa Christine Vaughn na Julian Leff, London, 1976: wagonjwa walioishi na jamaa wa kuwakosoa sana au kuwahangaikia kupita kiasi, tena wakiwa pamoja uso kwa uso zaidi ya saa 35 kwa wiki, ndio waliorudiwa na ugonjwa mara nyingi zaidi. Akagawa karatasi tuhesabu saa zetu. Zangu zilikuwa 91.

Nilikasirika. Nilitaka kuondoka. Baba mmoja aliyekaa karibu yangu akaniambia, "Dada, kaa. Hata mimi mwezi wa kwanza nilitoka nje."

Kazi ya nyumbani ilikuwa kumwachia mgonjwa jambo moja. Nilichagua chai. Siku ya kwanza alimwaga sukari sakafuni, nikabaki sebuleni nimeng'ang'ania leso yangu, sikuinuka. Sasa anachemsha yake na ya babu yake. Dawa sikumwachia, na nesi mwenyewe alikataza: sindano ya kila mwezi tunaifuata pamoja. Dukani nimerudi, siku nne kwa wiki.

Kasoro zipo. Tunaambiwa saa tatu asubuhi, tunaanza saa nne na nusu. Chumba kina feni moja kwa watu ishirini. Wanaofanya kazi Jumamosi hawana pa kwenda, nami ningependa sana wawekewe kikao cha jioni, kwa sababu akina baba wengi wanakosekana hivyo.

Mwezi ujao nakwenda na shangazi yake. Nikiwa dukani, yeye ndiye anayemkatia nyama.