Java kwenye Mac: hasira yangu yote iko kwenye dirisha moja

Nianze na dirisha lenyewe, maana ndilo linalonikera kuliko mengine yote. Java mpya, injini inayoendesha programu zilizoandikwa kwa lugha ya Java, umeshasakinisha. Umefungua Terminal, dirisha la kuandikia amri, ukaandika java -version, ikakujibu vizuri kabisa. Halafu unabofya mara mbili Eclipse (programu ya kuandikia msimbo) ya miaka kadhaa nyuma, au programu nyingine ya zamani iliyoandikwa kwa Java, na badala ya kufunguka kinatokea kidirisha: ili ufungue programu hii unahitaji Java SE 6 ya zamani. Chini yake vitufe viwili. Ukibofya cha kukubali, dirisha linafungwa na programu haifunguki. Ukibofya cha maelezo zaidi, unapelekwa kupakua faili la megabaiti zipatazo 64, na ndani yake kuna Java ambayo ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 2006.

Nimekutana na dirisha hili kwenye mashine nyingi, zangu na za watu wanaoniletea, na kila mara mwenye kompyuta anaamini kuwa yeye ndiye aliyekosea. Anafuta Java, anaisakinisha tena. Anapakua toleo jingine. Bando linaisha. Dirisha linarudi lile lile. Hakukosea chochote, na hilo ndilo linalonipandisha hasira.

Kwa wasiojua ilikotoka shida: mwaka 2000 Steve Jobs alipanda jukwaani kwenye mkutano wa JavaOne na kuahidi kwamba Mac itakuwa mahali bora pa Java. Kwa muda ilikuwa kweli. Java ilikuja imo ndani ya Mac OS X, Apple wenyewe wakiitengeneza na kuisasisha. Mwaka 2005 wakaacha kuongeza vitu vipya kwenye daraja lililomwezesha mtu kuandika programu za Cocoa, yaani zile za asili za Mac, kwa Java. Kisha Oktoba 2010, ndani ya maelezo ya sasisho la kawaida tu, yakatokea maneno kwamba Java ya Apple haitaendelezwa tena na huenda isiwemo kwenye matoleo yajayo. Siku hizo hizo wakatangaza duka lao la programu za Mac, na kanuni zake zikasema programu inayotegemea teknolojia iliyoachwa, Java ikitajwa kwa jina, haitapokelewa. Mac OS X Lion ilipotoka Julai 2011, Java haikuwemo. Ulipofungua programu inayoihitaji, mfumo uliuliza kama uipakue.

Apple na Oracle, wenye Java, walikuwa wametangaza Novemba 2010 kwamba kazi ya Apple itaingia kwenye OpenJDK, mradi wa Java ya chanzo huria. Sawa. Lakini Java 7 ilitoka kwa Windows na Linux Julai 2011, na JDK 7 (furushi la Java pamoja na zana za waandishi wa programu) ya Oracle kwa Mac ikaja Aprili 2012. Miezi tisa. Aliyekuwa na kazi ya mteja iliyotaka Java 7 alikaa muda wote huo akijenga OpenJDK mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, au akiendesha Linux ndani ya mashine pepe.

Ningeishia hapo ningewapa Apple nyota moja. Siwezi kuishia hapo, kwa sababu ya Flashback.

Mwanzoni mwa 2012 Oracle waliziba tundu kubwa la usalama ndani ya Java. Kiraka chao kilitoka katikati ya Februari. Java ya Mac ilikuwa bado mikononi mwa Apple, na kiraka chake kikaja mwanzoni mwa Aprili. Karibu wiki saba tundu liko wazi na kila mwovu analijua, kwa kuwa Oracle walikwishatangaza wameziba nini. Kirusi cha Flashback kikapita hapo hapo: ukifungua ukurasa wa wavuti wenye appleti (kijiprogramu cha Java) mbaya, umekwisha. Kampuni ya usalama ya Doctor Web ilihesabu Mac zaidi ya 600,000. Oktoba mwaka ule Apple wakaing'oa programu-jalizi yao ya Java kwenye vivinjari vyote.

Kwa hiyo nasema bila kusita: kuitoa Java mikononi mwa Apple lilikuwa jambo sahihi. Mtu wa kati alikuwa anachelewesha viraka, na viraka vilivyochelewa vimeumiza watu. Jobs mwenyewe mwaka 2010 alikiri kwenye barua pepe kwamba Java yao siku zote ilikuwa nyuma kwa toleo moja. Leo mtu anachukua Java ya Temurin, Zulu, Corretto au ya Oracle moja kwa moja kwa watengenezaji wake, bila kumsubiri Apple. Hilo ni zuri, na ningewapa nyota nne.

Sasa turudi kwenye dirisha, na nyota zitaanza kupungua tena.

Walipoondoa Java hawakuondoa kila kitu. Kwenye /usr/bin waliacha faili linaloitwa java. Hilo si Java. Ni kijiprogramu kidogo kinachozunguka kutafuta Java halisi ilipo, na kikiipata ndiyo kinaiendesha. Kinatafuta ndani ya /Library/Java/JavaVirtualMachines, na kila Java iliyomo humo ina faili la Info.plist linaloeleza uwezo wake chini ya neno JVMCapabilities. JDK 7 na JDK 8 za Oracle zinakuja na uwezo mmoja tu umeandikwa hapo: CommandLine. Maana yake Terminal itaipata. Lakini programu inayofunguliwa kwa kubofya huwa inaomba Java yenye uwezo wa JNI au BundledApp, mfumo unapitia orodha, hauoni yenye maneno hayo, na unahitimisha kwamba huna Java kabisa. Java ipo, imerukwa kwenye ukaguzi kwa kukosa mstari mmoja wa maandishi. Na dirisha halisemi hivyo. Linakutuma kwenye Java 6.

Dawa ni hii. Andika /usr/libexec/java_home -V, herufi V iwe kubwa, uone Java zote zilizomo na njia zake. Nenda kwenye folda ya ile unayotumia, ingia Contents, kisha:

sudo cp Info.plist Info.plist.zamani
sudo nano Info.plist

Tafuta JVMCapabilities. Chini yake kuna array (orodha), na ndani yake <string>CommandLine</string>. Ongeza mistari miwili ya aina hiyohiyo, mmoja JNI na mwingine BundledApp, kabla array haijafungwa. Ukiiweka nje ya array haitasomwa. Hifadhi, toka kwenye akaunti, ingia tena. Wengi huruka hatua hii ya mwisho, wanabofya, dirisha linarudi, wanadhani dawa haifanyi kazi.

Na ukisasisha JDK, toleo jipya linakuja na folda yake mpya na Info.plist yake safi. Unaanza upya. Ndiyo maana dirisha hurudi miezi baadaye bila mtu kugusa kitu.

Kwa Eclipse kuna njia nyepesi zaidi: fungua faili lake la mipangilio, eclipse.ini, juu ya mstari wa -vmargs weka -vm, na mstari unaofuata njia kamili ya Java. Iwe mistari miwili tofauti. Wanaoiweka kwenye mstari mmoja, au chini ya -vmargs, ndio wanaolalamika kwamba haisomwi. Eclipse za tangu mwishoni mwa 2020 zinakuja na Java yao ndani, hazina ugonjwa huu.

Kuna ujanja mwingine unaosambazwa hadi leo, wa kuunda folda tupu iitwayo 1.6.0.jdk ndani ya /System/Library/Java/JavaVirtualMachines, na nyingine Deploy.bundle ndani ya /System/Library/Java/Support, ili programu zinazochungulia tu kama Java 6 ipo ziridhike. Ulifanya kazi, hasa kwa programu za Adobe za enzi za CS5 na CS6, ambazo zilidai Java 6. Lakini tangu toleo la mfumo la El Capitan la 2015, sehemu ya /System inalindwa. Ukiandika mkdir hata kwa sudo unakataliwa. Ilibidi uwashe mashine kwenye hali ya uokoaji, uzime ulinzi kwa csrutil disable, uunde folda, urudi tena kuuwasha. Kuzima ulinzi wa mfumo mzima kwa ajili ya folda tupu! Na wapo wengi waliouzima wakasahau kuuwasha. Tangu toleo la Catalina la 2019 diski yenyewe ya mfumo ni ya kusomwa tu, kwa hiyo usijisumbue.

Mtego wa pili ni wa JRE, Java ya kuendeshea programu tu, isiyo na zana za kuziandika. Kwenye Mac isiyo na Java, ukiandika java kwenye Terminal unaambiwa haikupatikana, tembelea java.com. Unatembelea, unapakua, unasakinisha, unaandika tena, na kwenye Mac nyingi unaambiwa bado haikupatikana. Mtu anaweza kulia. Sababu: kilichopakuliwa ni JRE, nayo inakaa ndani ya /Library/Internet Plug-Ins, mahali ambapo amri ya java kwenye matoleo mengi ya mfumo haiangalii. Kwa Terminal unahitaji JDK. Ujumbe huo wa java.com ungesema neno hilo moja tu, JDK, watu wangeokoa masaa.

Wanaotumia Homebrew, zana ya kusakinisha programu kwa amri, nao wana la kwao. brew install openjdk@17 inamaliza bila kosa, lakini /usr/bin/java bado haioni kitu, kwa sababu Homebrew inaiweka pembeni makusudi. Lazima uunge kiungo:

sudo ln -sfn $(brew --prefix)/opt/openjdk@17/libexec/openjdk.jdk /Library/Java/JavaVirtualMachines/openjdk-17.jdk

Brew yenyewe huandika amri hiyo mwishoni mwa usakinishaji, ila maandishi yanapita mbio na hakuna anayeyasoma. Kisha kwenye ~/.zshrc, faili la mipangilio ya Terminal, weka export JAVA_HOME=$(/usr/libexec/java_home -v 17). Kwa Java 8 andika 1.8, si 8. Na kumbuka kwamba programu inayofunguliwa kutoka kwenye Dock haisomi .zshrc. Hiyo JAVA_HOME ni ya Terminal peke yake.

Kwenye Mac za vichakato vya Apple vyenyewe, zile za tangu 2020, angalia jambo moja zaidi: JDK na maktaba za asili za programu lazima ziwe za usanifu mmoja. JDK ya arm64 (ya vichakato vya Apple) haiwezi kupakia maktaba ya x86_64 (ya Intel). Ukiona kosa la UnsatisfiedLinkError na kwenye maelezo yake kuna maneno ya usanifu usiolingana, sakinisha JDK ya x86_64 iendeshwe na Rosetta 2, mkalimani wa Apple wa programu za Intel, au tafuta toleo jipya la programu. JDK 17 ndiyo ya kwanza kutoka rasmi ikiwa na msimbo wa vichakato hivi ndani ya mradi mkuu, na humo pia uchoraji wa skrini ulipata njia ya Metal, teknolojia ya michoro ya Apple, kwa kuwa walishaiacha ile ya zamani, OpenGL. Kwa kazi hiyo nawapongeza wote walioifanya kwa moyo safi. Programu zinafunguka haraka na maandishi yanaonekana vizuri.

Nilikuwa nimeshaanza kutulia, hadi macOS 14.4 ilipokuja Machi 2024 na programu za Java zikaanza kufa ghafla, bila onyo, bila faili la kumbukumbu. Java kwa kawaida hugusa kumbukumbu iliyolindwa kisha ikashika ishara ya kosa na kuendelea na kazi. Ndivyo ilivyoundwa. Kwenye 14.4 mfumo ulikuwa unaiua papo hapo badala ya kuipa ishara hiyo. Tangu Java 8 mpaka ya 22, zote ziliguswa, na toleo la majaribio la mfumo halikuwa na tatizo hilo, kwa hiyo hakuna aliyejiandaa. Dawa ilikuja na 14.4.1 mwezi uleule. Ukikuta bado kuna Mac kwenye 14.4, isasishe kabla hujagusa kitu kingine.

Lakini kuna mwingine anayestahili lawama, na sitamtaja: mtengenezaji wa programu moja ya kulipia ninayolazimika kuitumia. Niliwaandikia kuhusu lile dirisha nikiambatisha Info.plist yao. Jibu lilikuwa mstari mmoja, kwamba tatizo ni la Mac yangu na ninunue ya Windows. Hata salamu hawakuweka. Bofya kulia kwenye programu yao, onyesha yaliyomo, fungua Contents/MacOS. Faili limekaa pale: JavaApplicationStub, kianzishio cha zamani cha Apple, kisichoijua Java nyingine yoyote zaidi ya 6. Kwenye Info.plist wameandika JVMVersion 1.6+. Alama ya kujumlisha inamaanisha 1.6 na kuendelea, lakini kianzishio chenyewe hakiwezi kuiheshimu. Hapo hata ujanja wa JVMCapabilities haufui dafu. Kilichobaki ni kuliacha dirisha na kuiendesha kwa mkono: faili za .jar ziko Contents/Resources/Java au Contents/Java, jina la darasa kuu liko kwenye Info.plist chini ya MainClass, nawe unaandika

java -cp "Contents/Resources/Java/*" jina.la.Darasa

Inafunguka. Kwenye Java 8, safi kabisa. Kwenye 17 inategemea kama wamegusa vitu vya ndani ambavyo siku hizi vimefungwa. Kwa hiyo msimbo wao ni mzima, kilichooza ni mlango. Wangeweza kubadilisha kianzishio kile kwa kile cha chanzo huria, au kutumia jpackage, zana ya kufungashia iliyo rasmi ndani ya JDK tangu toleo la 16, ikafungasha programu na Java yake pamoja, na mteja asiulizwe chochote tena.

Kwa Apple naacha nyota tatu. Dirisha likinitokea tena wiki hii nitarudi kuzipunguza.